FEDHA YA KUONYESHA HAIMLISHI MWANAFUNZI

Kwa watumishi wenzetu wa kila idara: makarani, walimu, waganga, mabwana shamba, mabwana afya, na wote wanaokula mshahara wa Serikali.

Liko neno ambalo kwa muda mrefu limenong'onwa katika maofisi yetu, wala halijapata kusemwa waziwazi mbele ya wanachama. Sisi twaona ya kwamba kunong'ona kumetosha. Neno lenyewe ni habari ya vijana wetu wanaokwenda kusoma ng'ambo, na habari ya fedha wanazokwenda nazo. Au, kwa kusema kweli zaidi, fedha wasizokwenda nazo.

Kila mwaka, ifikapo miezi ya June, July na August, karatasi ya mchango huzunguka mezani. Mtoto wa fulani amepata nafasi katika chuo kikuu cha Uingereza. Kila mtu huandika jina lake na kiasi chake, na kila mtu hutoa kwa moyo mweupe. Hatuna ugomvi na mchango huo, wala hatuna ugomvi na elimu ya ng'ambo. Watumishi Waafrika walipounda chama chao pale Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa kiongozi wao, walitaka kusaidiana na kuinuana, na sisi hatuiachi njia hiyo. Ugomvi wetu ni na desturi moja iliyojificha nyuma ya karatasi ya mchango. Ni desturi ya kuazima fedha, kuziweka benki zipate kuonekana na wakubwa wa viza, kisha kuzirudisha kwa wenyewe kabla kijana hajapanda ndege. Watu huiita fedha ya kuonyesha. Wazee walikwisha kutuambia ya kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, na fedha hii ndiyo nguo yenyewe.

Yafaa kwanza tuieleze sheria, maana wengi huisema bila kuijua. Kijana wa nchi zetu akitaka viza ya kusoma Uingereza, asipokuwa amelipiwa na Serikali au na wafadhili wanaokubaliwa, hutakiwa kuonyesha ya kwamba anazo ada zote za mwaka wa kwanza zilizobaki kulipwa, na juu yake fedha za kuishi za miezi tisa. Kiasi cha kuishi kilichowekwa January 2, 2025 kilikuwa pauni 1,483 kwa mwezi kwa anayesoma London, na pauni 1,136 kwa anayesoma nje ya London. Na mwezi wa November wa mwaka uleule kikapandishwa tena. Kwa hesabu ile ya January, miezi tisa ni pauni 13,347 kwa London, na pauni 10,224 kwa mahali pengine. Fedha hizo lazima zikae katika akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja, na akaunti yaweza kuwa ya mwanafunzi mwenyewe au ya wazazi wake. Zaidi ya hayo yako malipo ya matibabu ya Serikali ya kule, ambayo hulipwa mbele pamoja na maombi ya viza. Tangu February 2024 yaliwekwa kuwa pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo.

Twaweza kubishana na Waingereza ya kwamba kiasi hiki ni kikubwa kwa mshahara wa mtu wa kwetu. Ni kweli, ni kikubwa. Lakini hatuwezi kubishana juu ya maana yake. Hizo pauni 1,136 si ushuru wa mlangoni ambao mtu akishaulipa huusahau. Ni chumba, ni mkate, ni basi, ni moto wa kuota mwezi wa January, na ni sabuni. Mzazi anayeziweka benki siku 28 na kuziondoa siku ya 29 hajamdanganya Mwingereza peke yake. Amemdanganya mwanawe, maana Mwingereza atakula chakula chake jioni ile kama kawaida, na mwanawe ndiye atakayelala na njaa.

Nasi twajua jinsi mambo yanavyokwenda. Baba ni mtumishi, na mshahara wake umekwisha kukatwa hata imebaki ile theluthi moja ambayo kanuni hairuhusu iguswe. Amekopa benki, amekopa katika chama cha akiba na mikopo, na upatu wa mama umekwisha kupokewa kabla ya zamu. Ada wamelipa nusu. Tuseme ada ya mwaka ni pauni 15,000, nao wamelipa 7,500. Basi hutakiwa kuonyesha 7,500 zilizobaki, na 10,224 za kuishi, jumla yake pauni 17,724. Fedha hizi hawana. Ndipo huendewa shemeji mfanyabiashara, au mwenye malori, au mtu ambaye kazi yake ni kukodisha fedha kwa siku 28 na kutoza riba juu yake. Karatasi ya benki hutoka nzuri, muhuri umekaa, viza hupatikana, nyumbani hupikwa pilau. Siku ile ile mwenye fedha amesimama mlangoni akidai chake. Kijana huondoka na pauni 1,000 mkononi, na karatasi isemayo ya kwamba yeye ni tajiri.

Sasa na tumfuate kijana huyo kwa hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Amefika mwezi wa September katika mji wa nje ya London. Tuseme amepata chumba cha pauni 110 kwa juma, bei ambayo katika miji mingi ya kule si ya anasa. Mwenye nyumba ataka amana. Sheria ya England ya mwaka 2019 humruhusu mwenye nyumba wa kawaida kutaka amana isiyozidi kodi ya majuma matano, yaani pauni 550. Tena ataka kodi ya majuma manne mbele, pauni 440. Jumla ni pauni 990. Mfukoni zabaki pauni 10. Hajanunua blanketi, hajanunua sufuria, hajanunua koti, hajapanda basi kwenda chuoni, wala hajala. Na ile ada ya pili, pauni 7,500, yamngoja mbele kama simba njiani.

Katika hali hiyo kijana mwenye busara angekwenda kuomba msaada. Vyuo vingi vya kule vina ofisi ya kuwashauri wanafunzi, na vingine vina mfuko mdogo wa kuwasaidia waliopatwa na shida ya ghafula. Lakini aende na uso gani? Swali la kwanza atakaloulizwa ni hili: zile fedha ulizoonyesha ulipoomba viza ziko wapi? Akisema kweli, amejitia hatiani yeye na baba yake, maana anayegunduliwa kuwa alitumia udanganyifu katika maombi yake aweza kunyimwa viza ya nchi ile kwa muda wa miaka 10. Akisema uwongo, amezidi kuzama. Basi hunyamaza. Mafao ya Serikali ya kule hayamhusu, kwa kuwa viza yake yamkataza kuyapokea. Hilo ndilo dhara kubwa la fedha ya kuonyesha, nasi twawaomba wasomaji walifikiri sana. Haimwachi kijana masikini tu. Yamwacha masikini asiyeweza kusema ya kwamba ni masikini. Umasikini huo hauna dawa, kwa kuwa mgonjwa amefungwa kinywa asimweleze tabibu.

Hapa wenye kuitetea desturi hii hujibu maneno matatu, nasi tutayajibu yote moja moja.

Wasema kwanza: "Atafanya kazi." Vema, na tuihesabu kazi hiyo. Mwanafunzi wa shahada huruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa juma wakati wa masomo. Mshahara wa chini uliowekwa na sheria April 2025 kwa mtu wa miaka 21 na zaidi ulikuwa pauni 12.21 kwa saa, na kwa kijana wa miaka 18 hata 20 ulikuwa pauni 10. Mtu mzima, basi, akipata saa zake zote 20, hupata pauni 244.20 kwa juma, na pauni 976.80 kwa majuma manne, kabla ya makato. Akitoa kodi ya pauni 440, zabaki 536.80. Kwa hizo mtu mwangalifu aweza kula, kupanda basi, na kununua daftari. Hatukatai. Lakini je, ile ada ya pauni 7,500? Hata kama angekaa majuma 52 bila kula punje wala kupanda gari, akaweka kila senti ya zile 536.80 za kila majuma manne, asingefikisha, ingekuwa pauni 6,978.40. Hesabu hii yasema neno moja waziwazi: kazi yaweza kumlisha, haiwezi kumsomesha.

Tena kazi haimngoji mtu katika kituo cha ndege. Hutafutwa, na mji wenye chuo umejaa vijana wenzake wanaotafuta kazi zile zile. Wakati wa likizo mwanafunzi wa shahada ya kwanza aweza kufanya kazi kutwa. Lakini yule wa shahada ya uzamili, miezi ile ya kiangazi anapoandika tasnifu yake huhesabiwa kuwa ni wakati wa masomo, na saa zake ni zile zile 20. Kijana mwenye deni hujaribiwa kufanya saa 30 na 40 kwa siri, akiosha wazee usiku na kusinzia darasani mchana. Akigunduliwa, amevunja sharti la viza. Asipogunduliwa, ameanguka mtihani. Je, huko ndiko kusomesha?

Wasema pili: "Wazee wetu walikwenda bila kitu, nao wakarudi wakubwa." Hapo twataka habari zisemwe kamili. Jomo Kenyatta alikaa Uingereza miaka mingi, tangu 1931 hata 1946, na kweli aliona dhiki. Mwaka 1935 alionekana katika filamu ya Sanders of the River, miongoni mwa watu waliokodiwa wajaze uwanja, kwa kuwa alihitaji fedha. Mtu akiisoma habari hiyo na kuona ni ushujaa tu, hajaisoma vizuri. Mwalimu Nyerere alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 alikwenda na msaada wa masomo, wala hakupelekwa kwa karatasi ya kuazima. Alirudi mwaka 1952 na shahada yake. Na wale vijana 81 waliopelekwa Marekani kwa ndege September 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake, wengi wao walifika na fedha chache mno, na ilibidi waliowapeleka wahangaike tena kutafuta fedha za kuwalisha na kuwavika. Kupata ndege kulikuwa jambo moja. Kukaa kulikuwa jambo lingine.

Tena wako watu waliolitambua jambo hilo mapema kuliko wote. Wanafunzi wa Afrika Magharibi walipounda umoja wao London mwaka 1925, katibu wao Ladipo Solanke hakupiga mbiu ya kuleta vijana wengi zaidi. Alirudi Afrika Magharibi, akazunguka tangu mwaka 1929 hata 1932 akikusanya fedha kwa ajili ya nyumba. Na mwaka 1933 nyumba hiyo ikafunguliwa London, ili Mwafrika afikaye mgeni apate pa kulala bila kufukuzwa mlangoni kwa rangi yake. Huo ndio mfano wa wazee ambao twautaka. Walitafuta kwanza kitanda, chakula na wenzi. Wenzetu wa leo hutafuta kwanza picha ya kuagana.

Wasema tatu, na hili ndilo neno lao zito: "Mkiikataza fedha ya kuonyesha, mtoto wa masikini hatasoma ng'ambo kamwe. Mlango umewekwa juu. Mwacheni apande kwa ngazi ya kuazima." Neno hili latuuma, kwa kuwa watoto wanaosemwa ni watoto wetu. Hakuna asiyejua ya kwamba sheria hizi zimewapendelea wenye navyo. Lakini ngazi ya kuazima inayoondolewa mtu angali juu si msaada. Tena si kweli ya kwamba hakuna njia nyingine. Ipo njia ya misaada ya masomo inayolipa ada na kuishi pamoja, kama ile ya Chevening na ile ya Jumuiya ya Madola, ambayo kijana hodari aweza kuiomba, na akikosa mwaka huu akaiomba tena mwaka ujao. Vipo vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ambavyo shahada ya kwanza yaweza kuchukuliwa, na ng'ambo ikangoja shahada ya pili, ambayo katika Uingereza mara nyingi ni mwaka mmoja tu. Tena ipo njia ya kuahirisha. Vyuo vingi humruhusu aliyepata nafasi kuomba aingie mwaka unaofuata, na mwaka mmoja wa kuweka akiba si mwaka uliopotea. Kuahirisha si kukosa.

Na watazamwe Wajerumani. Vyuo vingi vya Serikali katika nchi ile havitozi ada ya masomo, isipokuwa katika jimbo la Baden-Württemberg, ambalo tangu mwaka 2017 limewatoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya Euro 1,500 kwa kila nusu mwaka. Lakini kijana hutakiwa kuweka fedha za kuishi za mwaka mzima katika akaunti iliyofungwa. Kiasi kilichowekwa September 2024 kilikuwa Euro 11,904. Akaunti hiyo haimruhusu kuzitoa kwa mkupuo. Akishafika, hufunguliwa kidogo kidogo, Euro 992 kwa kila mwezi. Wenzetu wengi huichukia sheria hiyo kwa kuwa shemeji hawezi kurudishiwa fedha zake siku ya 29. Sisi twaisifu kwa sababu ile ile. Mwezi wa February, theluji ikiwa imeziba njia, kijana wa Ujerumani ana mkate wa mwezi ule, na kijana wa fedha ya kuonyesha ana karatasi yenye muhuri.

Liko na jambo la mawakala. Hatusemi ya kwamba wote ni wabaya. Wako wanaofanya kazi yao kwa haki. Lakini mwanachama na akumbuke ya kwamba vyuo vingi vya ng'ambo humlipa wakala kamisheni kwa kila kijana anayemwandikisha. Hivyo wakala ana faida kijana akiandikishwa, wala hana hasara kijana akishindwa mwaka wa pili. Mtu wa namna hiyo aweza kukupa habari, lakini asikupe shauri la mwisho, na kamwe asishike fedha zako. Mambo ya kaunti ya Uasin Gishu katika Kenya na yawe fundisho. Wazazi walilipa fedha katika mpango wa kupeleka vijana Finland na Canada, wakiamini kwa kuwa kaunti yenyewe ilikuwamo. Mwaka 2023 ikadhihirika ya kwamba fedha za wengi hazikufika vyuoni. Vijana waliokuwa Finland walionywa ya kwamba watapoteza nafasi zao kwa ajili ya ada. Wengine hawakusafiri kabisa. Wazazi wakaandamana katika mji wa Eldoret, na mambo yakafika mahakamani. Wazazi wale hawakuwa wavivu, wala hawakutumia fedha ya kuonyesha. Walitoa fedha halisi, wengine wakauza mashamba. Kosa halikuwa lao. Lakini ada iliyolipwa moja kwa moja kwa chuo, na risiti ya chuo mkononi, haipotei njiani.

Tena iko bei ya fedha, ambayo mtumishi wa mshahara wa shilingi husahau kuihesabu. Mwanzoni mwa mwaka 2022 dola moja ilinunuliwa kwa shilingi za Kenya kama 113. January 2024 ikafika kama 160. Baadaye ikarudi karibu na 130. Mzazi aliyekuwa amepanga ada kwa bei ya kwanza alikuta mzigo umeongezeka kwa zaidi ya theluthi, wala chuo hakikupandisha ada hata senti moja. Nigeria mambo yalikuwa makali zaidi. Serikali yao ilipoiachilia naira June 2023, dola iliyokuwa kama naira 460 ilipita 1,400 mapema mwaka 2024. Mwezi wa May mwaka ule zikatoka habari za wanafunzi wa Nigeria katika chuo kimoja cha kaskazini mwa England, walioondolewa masomoni kwa kuchelewa kulipa ada na kuambiwa watoke katika nchi. Hao walikuwa na akiba, ila akiba yao iliyeyuka. Basi ikiwa mwenye akiba aweza kupatwa na hayo, itakuwaje kwa yule ambaye hakuwa na kitu tangu mwanzo?

Hatutaki kumaliza bila kusema juu ya deni la upande wa pili, yaani madai ya nyumbani. Kijana hajamaliza mwezi, simu zimeanza. Mjomba ataka paa la nyumba, binamu ataka simu, shangazi ataka dawa. Kila mmoja hudhani ya kwamba aliye Ulaya huokota. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini hawakusema ya kwamba siku ya tatu aanze kulilisha kabila zima. Mwanafunzi si mfanyakazi aliyetumwa kuchuma. Ni mbegu iliyo chini ya udongo, na anayeifukua kila juma aone kama imeota ataiua.

Basi haya ndiyo tunayoyataka, nasi twayaweka mbele ya wanachama wayajadili katika matawi yao.

Kwanza, mwanachama asiazime wala asiazimishe fedha ya kuonyesha. Anayetaka kumsaidia mtoto wa mwenzake na ampe, au amkopeshe mpaka amalize masomo, kwa maandishi. Asiyeweza na aseme hawezi, hakuna aibu.

Pili, kabla karatasi ya mchango haijazunguka, mzazi aonyeshe hesabu ya miezi 12: ada, chumba, chakula, nauli, mavazi ya baridi, malipo ya matibabu, na akiba ya ajali. Mali bila daftari hupotea bila habari. Anayeomba fedha za watu hana haki ya kukasirika akiulizwa hesabu.

Tatu, fedha za mchango zisimalizikie katika tiketi na sherehe. Ziwekwe katika akaunti yenye waweka sahihi watatu, ada ilipwe kwa chuo chenyewe, na fedha za kuishi zimfikie kijana mwezi kwa mwezi. Kinachoweza kununuliwa mapema kwa fedha ya kigeni na kinunuliwe mapema, shilingi ingali na nguvu.

Nne, kijana mwenyewe afundishwe kabla ya kuondoka. Akae bweni la chuo mwaka wa kwanza ikiwezekana. Asitume amana ya nyumba ambayo hajaiona, wala hajaonewa na mtu anayemwamini. Na akipanga nyumba ya mtu binafsi katika England, ajue ya kwamba kwa upangaji wa kawaida sheria humtaka mwenye nyumba aiweke amana katika hifadhi iliyokubaliwa na Serikali ndani ya siku 30, na kumpa habari zake. Ajiandikishe kwa daktari juma la kwanza, kwa kuwa matibabu yake amekwisha kuyalipia. Achukue barua ya chuo inayothibitisha ya kwamba asoma kutwa, imsaidie kufungua akaunti ya benki. Na nyumba wanamokaa wanafunzi wa kutwa peke yao hailipi kodi ya manispaa. Koti lisinunuliwe dukani kwa bei ya kutisha. Yako maduka ya hisani yanayouza mitumba mizuri, na mtoto wa kwetu hahitaji kufundishwa kuchagua mtumba. Ajifunze kupika. Na kila jioni aandike alichotumia.

Tano, kwa muda wote wa masomo asidaiwe fedha na nyumbani. Mzazi ndiye awe ukuta. Madai yote yamfikie yeye, yasivuke bahari.

Na sita, kijana apewe ruhusa ya kusema kweli. Aambiwe na baba yake kwa kinywa chake: ukikwama, tuambie upesi, wala usione haya. Ada iliyochelewa juma moja huzungumzika. Ada iliyofichwa miezi mitatu huleta barua ya kufukuzwa.

Twajua ya kwamba wako watakaochukizwa na maneno haya. Watasema tumewafunulia wageni siri ya nyumba. Sisi twajibu ya kwamba siri hii haikumlinda mtoto wa mtu yeyote. Wengine watasema tunawazuia watoto wa masikini kupanda. Twajibu ya kwamba sisi wenyewe ni watu wa mshahara mdogo, na ndiyo sababu hatuna mtoto wa kuchezea. Mwenye mali nyingi akimpoteza mwanawe mwaka mmoja kule ng'ambo, atamtumia fedha nyingine. Sisi tunaye mmoja, na mshahara wa miaka kumi umekwenda naye. Basi aende akiwa amevaa nguo yake mwenyewe, hata ikiwa fupi, wala asiende na joho la shemeji ambalo litavuliwa uwanja wa ndege.

Matawi yatakayopokea karatasi za mchango mwaka huu, na yaanze kwa kuuliza swali moja kabla ya kutia sahihi: fedha hizi zitakaa na kijana mpaka lini? Jibu likiwa siku 28, rudisheni karatasi kwa adabu, mkamwite mzazi mkae naye kitako, mtafute njia nyingine.

Sisi, watumishi wenzenu.